Hodi na Mwenyeji Aliye Mbali: Simu ya Mlangoni katika Historia ya Ufipa

Wazee wa Ufipa husimulia ya kuwa enzi ya nchi yao ilibadilika siku moja, bila vita, kwa sababu wageni walifika mlangoni na mwenye nyumba hakuwapo. Mwenyeji huyo alikuwa Ntatakwa, mwene wa Milanzi, ambaye masimulizi humtaja kuwa mtu wa kwanza wa nchi ile. Alikuwa amekwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka alimwonya mkewe ya kuwa wageni waweza kufika, nao wakifika wasipewe kiti chake. Wakaja wanawake wa ukoo wa Watwaki, watu wa safari ndefu, wakakitaka kiti. Mke akakataa, wageni wakashikilia neno lao, na mwisho akawapa. Ntatakwa aliporudi kutoka mwituni alimkuta mgeni ameketi pake, na jambo lililokwisha kutendeka halikuweza kutanguliwa. Nchi ikawa ya Watwaki. Ntatakwa akabaki na Milanzi yake, pamoja na heshima ya mkubwa wa asili ambayo hata watawala wapya hawakuthubutu kuiondoa.

Masimulizi haya yamekusanywa kwa namna mbalimbali. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyekaa Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliyafanya kuwa msingi wa kitabu chake A State in the Making, kilichotolewa mwaka wa 1981, na tangu hapo wanafunzi wa historia wamezoea kuyasoma kama habari ya siasa: wenyeji na wageni, ardhi na enzi, Milanzi na falme mbili za Nkansi na Lyangalile zilizotoka katika ukoo wa Watwaki. Usomaji huo ni wa haki. Lakini ndani ya habari kubwa imo habari ndogo ya hodi, na yafaa itazamwe kwa nafsi yake. Mgeni yupo mlangoni. Mwenye neno yupo mbali. Aliyepo nyumbani hana uwezo wa kumuuliza mwenye neno, naye hulazimika kujibu. Laiti Ntatakwa angaliweza kusikia kutoka mwituni sauti ya yule aliyesimama mlangoni pake, pengine nasaba ya watawala wa Ufipa ingalikuwa nyingine.

Katika siku hizi kimepatikana chombo kifanyacho jambo hilo hasa. Katika majumba ya ghorofa yenye wapangaji wengi huwekwa ubao wenye vitufe karibu na mlango wa nje. Mgeni hubonyeza, na mwenyeji humsikia. Zamani mwenyeji alikuwa sharti awe chumbani mwake. Sasa chombo hicho huweza kufungwa na simu ya mkononi, hata kama namba yenyewe ni ya mji mwingine au ya nchi nyingine, na mwenyeji akajibu hodi akiwa safarini. Watu wengi huliona hili kuwa ni jambo la fundi tu. Kwa nchi kama Ufipa, ambayo kwa zaidi ya miaka 100 wenye nyumba wake wamekuwa wakiishi mbali na milango yao, lina historia ndefu kuliko umri wa chombo.

Hodi, kama ijulikanavyo na kila asemaye Kiswahili, ni jambo la sauti. Mzungu hugonga, mbao za mlango ndizo zimsemeazo. Mswahili husimama nje akapaza sauti, hata kama mlango u wazi au pana pazia tu, kisha akangoja neno la kumkaribisha. Asipoitikiwa mara tatu hurudi zake. Waislamu wa pwani huipata adabu hii katika Suratun-Nur, inayokataza kuingia nyumba za watu kabla ya kutaka idhini na kutoa salamu, na hesabu ya mara tatu wameipokea katika hadithi za Mtume. Lakini hodi haikukaa msikitini. Imepanda bara pamoja na lugha, imeingia katika nyumba za Wakatoliki wa Karema, ambako Mapadre Weupe walifika mwaka wa 1885, na imevuka mipaka hata Malawi, ambako husemwa “odi”. Anayebisha hodi hujitambulisha kwa sauti yake kabla ya uso wake, na anayeitika humtambua au hushindwa kumtambua kwa hiyo hiyo.

Hata jina la Sumbawanga, kwa tafsiri iliyozoeleka mno, ni neno la mlangoni. Husemwa ya kuwa maana yake ni “tupa uchawi”, yaani mgeni aliyeingia mjini aliamriwa aache nje kila alichobeba cha kudhuru watu. Kama tafsiri hiyo ni asili ya jina au ni maelezo yaliyokuja nyuma, wanaisimu na wazalo. Ijapokuwa hivyo, ni mji usiokuwa na wenzi wengi: jina lake lenyewe lamsemesha mgeni kabla hajaketi.

Mambo yalianza kuharibika kwa kodi. Serikali ya Wadachi iliweka kodi ya kibanda kwa amri ya mwaka wa 1897, na kodi hiyo ilihesabiwa kwa nyumba. Tazama basi kinyume chake: ili mtu aendelee kuwa na nyumba alilazimika kutoka ndani yake akatafute fedha. Katika uwanda wa juu wa Ufipa, ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, fedha hazikuwapo. Zilikuwa mbali, mahali pa mashamba na migodi. Utawala wa Waingereza ulipofuata baada ya Vita Kuu ya Kwanza njia ile ikazidi kukanyagwa. Vijana wa kusini-magharibi, Wafipa miongoni mwao, walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya, iliyovuma katika miaka ya 1930. Wengine walivuka mpaka kwenda kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Wengine wakachukuliwa mpaka kwenye katani ya Tanga. Wenye mashamba ya katani waliunda chombo chao cha kuandikisha wafanyakazi, SILABU, mwaka wa 1944, na watu walioandikishwa waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake.

Neno hilo linastahili kusimamiwa kidogo. Mtu aliyekuwa na jina, ukoo na mlango unaojulikana alitoka kwao, na huko alikofika akawa namba. Namba ile haikumrudisha kwao hata kidogo. Nyumbani hakuna aliyeijua, wala hata kama angaliijua hangaliweza kuitumia kumwita. Mgeni aliyefika mlangoni pa manamba katika miaka hiyo aliitikiwa na mke, au mama mzazi, au ndugu aliyeachiwa nyumba. Mkusanya kodi alibisha hodi, mdai alibisha hodi, mposa binti alibisha hodi, na neno la mwenye nyumba lilikuwa Tanga. Barua ilikwenda na kurudi kwa muda wa kuchosha. Katika hali hiyo wake wengi wa Ufipa walisimama mahali pale pale aliposimama mke wa Ntatakwa, na tofauti ni kwamba hakuna aliyetunga masimulizi juu yao. Walijibu kwa akili zao wenyewe, na aghalabu walijibu vema. Wanahistoria wa kazi za ugenini wamemwandika sana yule aliyeondoka. Aliyebaki akiitika hodi bado hajaandikwa ipasavyo.

Ajabu ni kwamba waya wa simu ulikuwa umekwisha kupita juu ya nchi hiyo zamani. Mwezi wa Machi 1899 Cecil Rhodes alikwenda Berlin kumwona Mfalme Wilhelm wa Pili wa Wadachi, akapata ruhusa ya kupitisha katika Afrika Mashariki ya Kidachi waya wake wa simu ya maandishi, ambao aliuota kutoka Rasi ya Tumaini Jema hata Cairo. Waya ulitoka kusini ukafika Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, ukavuka mpaka na kushika upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika hata Ujiji. Rhodes alikufa Machi 1902, na waya wake haukupita Ujiji tena. Basi mwanzoni mwa karne ya 20 habari za London ziliweza kupita nchi ya Ufipa kwa muda wa kufumba na kufumbua, na Mfipa aliyesimama chini ya nguzo hakuambiwa neno hata moja. Katika sehemu mbalimbali za njia yake ndefu waya ule ulikatwa na watu wakatengeneza vikuku. Wakubwa wa kampuni waliuita wizi, na kwa sheria zao ulikuwa wizi. Lakini lazima ikubaliwe ya kuwa kikuku ndicho kitu pekee ambacho waya ule uliwahi kuwapa.

Kiswahili kimehifadhi kumbukumbu ya waya huo katika neno lenyewe. “Simu” latoka katika Kiajemi, na maana yake huko ni waya. Ndiyo sababu wazee walisema “simu ya maandishi” kwa habari zilizopigwa kwa alama, “simu ya mdomo” kwa mazungumzo, na kisha “simu ya upepo” kwa ile isiyokuwa na waya, maneno ambayo ukiyatafsiri kwa asili yake yatakuambia habari ya waya usio waya.

Simu ya mdomo ilipokuja haikuja milangoni. Ilikuja ofisini: bomani, misheni, posta, kituo cha polisi. Idara za posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa moja mwaka wa 1933. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977 Tanzania ikajiundia shirika lake la posta na simu, na shirika hilo likagawanywa katika miaka ya 1990, sehemu ya simu ikawa kampuni ya TTCL. Katika muda wote huo namba ya simu ilikuwa ni namba ya mahali. Aliyetaka kuongea na Sumbawanga kutoka Dar es Salaam aliutaja mji kwanza kwa mtu wa mitambo, ndipo akataja namba. Na baadaye, mitambo ilipoweza kujiunganisha yenyewe, tarakimu za mbele zilishika nafasi ya jina la mji. Mpaka leo namba ya waya inayoanza na 025 ni ya pande za Mbeya, Rukwa na Ruvuma. Ukiijua namba umejua upande ulipo mlango.

Simu ya mkononi ilikata kifungo hicho. Iliingia Tanzania katikati ya miaka ya 1990, ikaenea mikoani baada ya mwaka wa 2000, na waliotengeneza utaratibu wa namba waliipa tarakimu zake za mbele zisizohusiana na mkoa wowote. Kwanza tarakimu hizo zilionyesha kampuni. Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama kampuni akabaki na namba yake, kwa hiyo hata kampuni haitambulikani tena kwa yakini. Namba ya mkononi ya Tanzania haisemi kama mwenyewe yuko Namanyere, Kariakoo au Bukoba. Husema tu ya kuwa ni ya Tanzania. Namba ya manamba ilimtenga mtu na kwao. Namba hii yampata popote, na ndani yake hapana kwao.

Jambo hili, lionekanalo dogo, ndilo linaloamua kama simu ya mlangoni itaweza kumfikia mwenyeji aliye mbali.

Chombo chenyewe si kigumu kukieleza. Katika umbo lake la zamani, nyuzi hutoka kwenye ubao wa nje kupanda kila chumba, na chumbani pana mkono wa simu wenye kitufe. Mwenyeji akikibonyeza, umeme hupita kwenye kitasa nacho huachia. Nyuzi hizo hazina habari na shirika la simu. Katika umbo la pili ubao hauna nyuzi za vyumbani. Umefungwa na laini moja ya simu iliyo mali ya jumba, na ndani yake zimeandikwa namba za wapangaji. Mgeni akichagua jina, ubao hupiga namba ya mpangaji huyo kama apigavyo mtu yeyote. Mwenyeji humsikia mgeni, na akiridhika hubonyeza tarakimu iliyowekwa na fundi. Kila kitufe cha simu hutoa mlio wake. Ubao hutambua mlio ule ukafungua kitasa. Hakuna uchawi hapo, na hakuna chochote kinachomlazimisha mwenyeji awe ndani ya jumba.

Kikwazo kilitokea Amerika ya Kaskazini, na wamekutana nacho Waafrika Mashariki wengi waliokwenda huko kusoma au kufanya kazi. Marekani na Kanada hazikuipa simu ya mkononi tarakimu zake pekee. Ziliipa tarakimu za miji, zile zile za simu za waya. Kwa hiyo mtu aliyechukua laini katika mji mmoja akahamia mwingine huendelea kubeba mji wa kwanza katika namba yake. Wenye majumba nao, kwa kubana matumizi, hulipia laini ya mlangoni iweze kupiga namba za mji ule tu. Mpangaji mpya huwapa namba yake, namba huandikwa, mgeni hubonyeza, na simu haiiti. Ubao haujui ya kuwa mwenyeji amelala ghorofa ya tatu juu yake. Wajua tu ya kuwa namba yake ni ya mbali. Mwenye namba ya Tanzania hali yake ni mbaya zaidi, kwani mbao za zamani huwa hazina hata nafasi ya kuandika tarakimu zote za namba ya ng'ambo. Dawa yake iko ya namna mbili au tatu. Mwenye jumba aweza kulipia laini ipige mbali. Au mpangaji aweza kuchukua namba ya mji ule, hata ile ya kwenye intaneti isiyokuwa na kadi, akaiagiza ihamishie kila mwito kwenye simu yake halisi. Dawa hii ya pili hufaa, ila njia ikiwa ndefu mno mlio wa kitufe huweza kufika umeharibika, na mwenyeji akabaki akibonyeza huku mlango umenyamaza.

Tanzania haikupata ugonjwa huo, kwa sababu iliyokwisha kutajwa: namba zake za mkononi hazina mji. Ubao uliofungwa Sumbawanga ukiwa na kadi ya simu ndani yake, na hivyo ndivyo vyombo vingi vya sasa vifanyavyo, humpigia mwenyeji aliye Mtwara kama unavyompigia aliye jirani. Hakuna neno “mbali” katika kitabu chake cha namba. Fundi mwangalifu huandika namba kwa umbo la kimataifa, yaani alama ya kujumlisha, kisha 255, kisha namba bila sifuri ya mwanzo, ili isisumbue mwenyeji atakapovuka mpaka. Taabu ya Tanzania huanza mpakani. Mfanya biashara wa Sumbawanga anayekaa Mbala au Lusaka na kutumia namba ya Zambia, inayoanza na 260, hugeuka kuwa mtu wa ng'ambo machoni pa mlango wake mwenyewe, ingawa kutoka Sumbawanga hadi Mbala ni karibu kuliko kwenda Mbeya. Kadi iliyo mlangoni yahitaji salio, na vifurushi vya kawaida havifiki ng'ambo. Watu wa mpakani wamelitatua jambo hili zamani bila kumngoja mtaalamu: hubeba simu ya laini mbili, moja ya huku na moja ya huko, na mlango huandikiwa laini ya huku.

Pana na mambo mengine ya mahali. Kwa miaka mingi mji wa Sumbawanga haukuwa katika gridi ya taifa. Umeme wake ulinunuliwa Zambia. Kitasa cha umeme basi kilitegemea nchi jirani, na kwa kila kitasa cha namna hiyo fundi hulazimika kuchagua mapema: umeme ukikatika, mlango ubaki umefungwa au ujiachie? Wa kwanza huweza kumfungia mtu ndani wakati wa moto. Wa pili huikaribisha dunia yote kila umeme unapokwenda. Kadhalika kadi ya mlangoni, kwa sheria ya mawasiliano ya mwaka wa 2010, sharti isajiliwe kwa jina la mtu au chombo, na tangu usajili wa alama za vidole uliofungwa Januari 2020 sheria hiyo si ya mchezo. Mlango hauna vidole. Lazima awepo binadamu au kampuni atakayesema, laini hii ni yangu.

Katika miji ya Tanzania, hata hivyo, chombo kinachotumika sana kwa kazi hii ni binadamu. Ni mlinzi wa getini. Mgeni hufika, mlinzi humuuliza jina na anayemtaka, huandika katika daftari, kisha hutoa simu yake mwenyewe mfukoni akampigia mpangaji: “Shikamoo mama, kuna mgeni wako hapa.” Mpangaji huenda yuko kazini, huenda yuko Dodoma. “Mpe nimsikie,” husema, na simu hupita kwenye uwazi wa geti. Huo ndio mfano halisi wa hodi iliyofungwa na namba ya mbali, nao ulikuwako tangu simu za mkononi zilipoenea. Mwenyeji akiwa London mlinzi hutumia intaneti ya simu, kama ana kifurushi. Kama hana, mgeni hungoja, na mara nyingi mgeni ndiye anunuaye vocha.

Wasifu wa vyombo huona ya kuwa ubao wa mlangoni ni maendeleo juu ya mlinzi huyu. Kwa gharama, pengine. Kwa hodi, si hakika. Mlinzi huiona sura ya mgeni, gari lake, jinsi anavyotazama pembeni. Humkumbuka aliyekuja wiki iliyopita akajiita jina jingine. Mwenyeji aliye mbali husikia sauti tu, tena iliyosagwa na waya na upepo. Akibonyeza tarakimu yake akiwa Dar es Salaam, mlango hufunguka Sumbawanga, na aliyeingia huwa ameingia. Wapo wanaotumia hata namna nyepesi zaidi: chombo cha geti huandikiwa namba zinazoruhusiwa, na mwenye namba akikibipu hufunguka bila kupokea, kwa hiyo hapatumiki hata senti moja. Hapo sauti imeondoka kabisa. Kilichobaki ni namba, na chombo hakijui ni nani ameishika simu ile.

Ndipo linapotokea jambo ambalo lawapasa wenye majumba kulijua kabla ya kununua chochote. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa, na namba yake hupewa mtu mwingine. Mpangaji akihama, au akifariki, au akibadili laini, namba yake hubaki ndani ya ubao mpaka mtu akumbuke kuifuta. Siku moja mgeni wa mpangaji mpya hubonyeza kitufe kisicho chake, na simu huita mfukoni mwa mtu asiyelijua jumba lile wala mji ule. Mtu huyo huulizwa na sauti ngeni kama anaweza kufungua. Aghalabu hukata simu. Lakini uwezo wa kufungua anao, naye hakupewa na mtu yeyote. Ni kiti kilichoachwa wazi. Katika majumba ambako orodha hupitiwa kila mpangaji anapoondoka, kama funguo zinavyorudishwa, hatari hii haipo. Ambako fundi aliweka namba akaenda zake na neno la siri la ubao akaenda nalo, imo mlangoni usiku na mchana.

Ni kazi ndogo, isiyohitaji mtaalamu wa ng'ambo: daftari, jina la mpangaji, tarehe aliyoingia, tarehe aliyotoka, na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mwenye neno juu ya ubao. Desturi ya hodi ilikuwa na mtu huyo sikuzote. Hata mke wa Ntatakwa, mnyonge wa masimulizi, alijulikana na kila mtu kuwa ndiye aliyeachiwa nyumba, na ndiyo sababu kutoa kwake kiti kulihesabika. Kama kiti kingetolewa na mpita njia, Watwaki wasingalikuwa na hoja. Ubao wa mlangoni haumwachii mtu nyumba. Waachia orodha.

Milanzi yenyewe leo ni kata katika Manispaa ya Sumbawanga. Nyumba nyingi za huko hazina ubao wala kitasa cha umeme. Mgeni husimama uani akabisha hodi kwa mdomo, na kama mwenye nyumba amesafiri, aliyepo hutoka na simu mkononi, akampigia, akampa mgeni waongee wenyewe wakiwa bado nje.